Mgeni Siku ya Tatu: Maisha ya Wanafunzi Katika Vyuo vya UWC



Wazazi kadhaa wamekuja ofisini kutuuliza juu ya vyuo vinavyoitwa United World Colleges, au kwa kifupi UWC. Kwa Kiswahili tunaweza kuviita Vyuo vya Dunia Moja. Kijana amesikia habari zake shuleni, ameambiwa kuna msaada wa karo, na sasa nyumbani hakulaliki. Baba anauliza gharama. Mama anauliza, "Sasa madam, huko atalala na nani? Atakula nini?" Mimi naona swali la mama ndilo kubwa, na nitaanza nalo. Masomo ya huko ni mazuri, hakuna ubishi, lakini masomo mazuri hata hapa Kenya yapo kwa anayeyatafuta. Kitu ambacho vyuo hivi vinacho, na ambacho ni nadra kukipata kwingine, ni chumba cha kulala.

Chumba

UWC ni shule za bweni za miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kwa vijana wa kati ya miaka 16 na 19. Vichache kati ya vyuo hivyo vina watoto wadogo pia, lakini kiini chake ni hiyo miaka miwili. Chukua mfano wa chuo cha Red Cross Nordic, kilichofunguliwa mwaka 1995 mahali panapoitwa Flekke, huko magharibi mwa Norway, kando ya maji ya bahari yanayoingia katikati ya milima. Kina wanafunzi kama 200, nao wametoka nchi 80 na zaidi. Wanaishi katika nyumba tano zilizopewa majina ya nchi tano za kaskazini: Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Chumba kimoja kinalala watu watano. Kwa makusudi kabisa, watu wa nchi moja hawapangwi pamoja, wala wa pembe moja ya dunia. Vyuo vingine vina wawili, watatu au wanne kwa chumba, lakini kanuni ya kuchanganya ni hiyo hiyo.

Sasa fikiria msichana kutoka Kitui au Busia amelala kitanda cha dirishani. Jirani yake ni Mwislamu, anaamka alfajiri kuswali. Wa tatu hajawahi kushiriki chumba na mtu tangu azaliwe. Wa nne anapenda dirisha liwe wazi hata baridi ikiuma. Wa tano anasoma mpaka saa nane za usiku na taa yake inawaka. Hakuna matroni wa kupiga kengele ya kulala kama tulivyozoea. Kuna mwalimu anayeishi karibu na nyumba hiyo na kuwaangalia kama mlezi, kuna saa ya kuitikia kwamba umerudi nyumbani usiku, lakini habari ya dirisha na taa ni yao wenyewe kuimaliza.

Sisi tuliosoma shule za bweni za hapa tunajua kulala watu arobaini ukumbi mmoja. Lakini kumbuka jinsi tulivyoishi. Kulikuwa na kengele, prefekti, zamu za kuosha na adhabu. Tulipogombana, mkubwa alikuja akaamua. Katika vyuo hivi, mara nyingi wale wa chumba kimoja hukalishwa chini majuma ya kwanza wakubaliane: taa izimwe saa ngapi, mgeni aruhusiwe lini, nani atafagia, simu zipokelewe wapi, na mtu akiudhika aseme kwa njia gani. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kijana wa kwetu amefundishwa kunyamaza mbele ya wenzake ili asionekane mgomvi. Mwenzake wa Uholanzi au Israeli amefundishwa kusema wazi, tena papo hapo. Yule anaona huyu hana adabu, na huyu anaona yule ni mnafiki. Wote wawili wamelelewa vizuri na mama zao.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika chumba cha namna hii wote ni wageni, na siku ya tatu hufika haraka. Zile siku mbili za kwanza ni za kupiga picha na kuulizana majina. Kuanzia ya tatu, kuna nywele kwenye bomba la bafu na mtu lazima azitoe.

Ni wazo la nani?

Mwanzilishi wa fikra hii ni Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1920 alianza shule ya Salem huko Ujerumani. Hitler alipokuwa akipanda, Hahn aliwaandikia waliopitia shule yake wachague: ama Salem, ama Hitler. Mwaka 1933 alifungwa, akaachiliwa baada ya watu wakubwa wa Uingereza kumtetea, akakimbilia huko. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa mkimbizi, na nadhani hilo linaeleza mengi katika kazi yake. Alianza shule ya Gordonstoun mwaka 1934. Mwaka 1941, wakati wa vita, alikuwa kati ya walioanzisha shule ya Outward Bound pwani ya Wales. Wakenya wa umri wetu wataijua ile ya Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ambako vijana hupelekwa kupanda mlima wakijifunza kutegemeana. Pia alishiriki kubuni ile tuzo ya vijana ya Mtawala wa Edinburgh iliyoanza Uingereza mwaka 1956. Hapa kwetu tuzo hiyo ilianza mwaka 1966 na tunaiita Tuzo la Rais. Basi, ikiwa kijana wako ana beji ya Tuzo la Rais, tayari amekunywa kwenye kisima kile kile.

Katika miaka ya hamsini Hahn alitembelea chuo cha maofisa wa kijeshi wa NATO. Aliona maofisa wa nchi ambazo juzi tu walikuwa wakipigana, sasa wanakula meza moja na kusoma pamoja. Akajiuliza: ikiwa hili linawezekana kwa askari watu wazima, kwa nini lisifanywe kwa vijana kabla chuki haijakauka? Mwaka 1962 chuo cha kwanza, Atlantic College, kikafunguliwa Wales katika ngome ya zamani ya St Donat's, kwa wavulana 56 kutoka nchi 12. Wasichana waliingia mwaka 1967. Leo vyuo viko zaidi ya kumi na tano, Ulaya, Asia, Amerika na Afrika.

Mchana wanafanya nini?

Darasani wanasoma mtaala wa International Baccalaureate, au IB. Mwanafunzi huchukua masomo sita, na kila somo alama yake ya juu ni 7. Kuna insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4000, na somo la kujiuliza tunajuaje kwamba tunajua. Hayo mawili kwa pamoja huongeza alama hadi 3, jumla kuu ikawa 45. Kwa mtoto wetu aliyezoea kukariri, mshtuko wa kwanza si hesabu. Ni mwalimu kumwambia, "Wewe mwenyewe unaonaje?" na kungoja jibu kweli. Jambo moja linalofurahisha: IB huruhusu kijana kusoma fasihi ya lugha yake hata kama chuoni hakuna mwalimu wa lugha hiyo, kwa kujisomea chini ya usimamizi. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujikuta anasoma riwaya za Kiswahili kwa bidii akiwa Ulaya kuliko alivyozisoma akiwa hapa.

Baadaye mchana ni shughuli. IB inadai mambo matatu nje ya darasa: ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma. Hayana alama, lakini asiyeyatimiza hapewi diploma, hata awe na akili namna gani. Mimi kama mfanyakazi wa jamii nilipojua hilo nilifurahi sana, maana kwetu huduma ni kitu cha kufanya ukipata nafasi.

Na huduma yenyewe si ya kupeleka sabuni hospitalini mara moja kwa mwaka na kupigwa picha. Atlantic College iko juu ya bahari yenye mkondo mkali. Tangu mwaka 1963 hadi 2013, kwa miaka 50, chuoni palikuwa na kituo cha mashua ya uokoaji cha shirika la Uingereza la waokoaji baharini, na wanafunzi walikuwa mabaharia wake. King'ora kikilia, kijana aliacha kitabu akakimbia kuokoa mtu anayezama. Elizabeth Hostvedt, msichana wa miaka 18 kutoka Norway, akawa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kuongoza mashua ya namna hiyo ya shirika hilo. Hata ile mashua yenye sakafu ngumu na mbavu za mpira zilizojazwa hewa, inayotumiwa siku hizi na waokoaji na askari wa majini dunia nzima, iliboreshwa hapo na mkuu wa chuo Desmond Hoare pamoja na wanafunzi wake. Haki ya kuitengeneza wakawauzia waokoaji kwa pauni moja tu.

Huko Flekke hawana mashua hiyo, ila wana jirani. Kando ya chuo kuna kituo cha Haugland cha kuwarudishia watu nguvu baada ya ajali na ugonjwa, na wanafunzi huenda kushiriki michezo na kuogelea na wagonjwa na watu wenye ulemavu. Wengine hujifunza kuwaongoza watu wasioona katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Mtoto aliyekuwa anaona haya kumsalimia mlemavu wa kijijini kwao anajikuta ameshika kamba, anamwelekeza mtu asiyeona: kushoto, kulia, simama.

Jioni kuna mambo mengi. Kuna kwaya, mpira, mijadala ya mambo ya dunia, na wiki za maeneo: ya Afrika, ya Asia, ya Amerika ya Kusini. Wiki hiyo wenyeji wa eneo hupika, hucheza ngoma na kueleza habari za kwao. Hapo ndipo Mkenya hukwama kidogo. Wenzake wa Nigeria na Ghana wanatoka na mavazi yao kifua mbele, yeye anajiuliza vazi la taifa letu ni lipi. Serikali ilijaribu kutupatia moja mwaka 2004, nadhani mnakumbuka, halikushika. Wengi huishia leso na shanga za Kimaasai, hata kama ni Mluhya. Kuhusu upishi tuko salama, maana chapati hazijawahi kukataliwa popote.

Kuishi na adui

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hii ni burudani ya watoto wenye bahati. Naomba tutazame vyuo viwili ambavyo havikuanzishwa kwa burudani.

Waterford Kamhlaba iko Eswatini, nchi iliyoitwa Swaziland mpaka mwaka 2018. Ilianzishwa mwaka 1963 na mwalimu Michael Stern aliyetoka Afrika Kusini, ambako sheria ilikataza weusi na weupe kukaa darasa moja. Alivuka mpaka akajenga shule upande wa pili, ambako mtoto wa Mzulu na wa kaburu wangelala bweni moja. Mabinti wa Nelson na Winnie Mandela walisoma hapo baba yao akiwa gerezani. Mwaka 1981 ikajiunga na UWC.

Ya pili iko Mostar, Bosnia. Kati ya 1992 na 1995 nchi hiyo iliraruliwa na vita vya jirani kwa jirani. Mostar ilikatika vipande viwili, Wakroatia Wakatoliki magharibi, Waislamu Wabosnia wengi mashariki, na daraja lake la kale likaangushwa mwaka 1993. Limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Mwaka 2006 UWC ikafungua chuo ndani ya jengo la shule kongwe ya mji, pale ulipokuwa mstari wa mapigano. Katika jengo hilo hilo wanasoma watoto wa mji, wa pande zote mbili, lakini kila upande na mtaala wake. Ghorofani, UWC inawasomesha watoto wa pande hizo pamoja darasa moja, wakichanganyika na wageni wa nchi nyingi.

Nataja Wakatoliki kwa jina kwa sababu ni ndugu zetu wa imani na hatuwezi kujificha. Na nataja Mostar kwa sababu ya sisi wenyewe. Wale tuliofanya kazi katika kambi za waliofukuzwa makwao mwaka 2008 tunakumbuka walikuwa wamekimbia nani. Hawakukimbia wageni. Walikimbia watu waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Kwa hiyo ni lazima tuwe waangalifu tusiseme kwamba kuishi pamoja peke yake kunatosha. Rift Valley tuliishi pamoja miaka mingi.

Tofauti ninayoiona ni hii. Katika chumba cha UWC, jambo lenyewe huzungumzwa. Mpalestina na Mwisraeli wamekaa vyuo hivi pamoja, na vita vinapoanza huko kwao hawawezi kujifanya hawajasikia, kwa kuwa mwenzako analia kitandani na simu mkononi, na wewe pia simu yako inalia. Wanagombana, wanaacha kusemezana, wengine hawarudiani kabisa. Kuna walimu wanaowakalisha. Sisi katika jumuiya ndogo ndogo tunasali rozari pamoja, tunachangia mazishi pamoja, lakini habari ya mashamba na kura hatuigusi. Tunasema tunalinda amani.

Yasiyosemwa kwenye karatasi za matangazo

Kwanza, upweke. Flekke mwezi wa Desemba, saa kumi jioni ni giza tupu. Mtoto aliyekulia kwenye jua anaweza kushuka moyo asijue ni kwa nini. Hulala sana, huacha kula, husema ni uchovu. Vyuo vina washauri nasaha, lakini kijana wa Kiafrika huona aibu kwenda, akidhani ni mahali pa wendawazimu. Mzazi, mwambie kabla hajaondoka kwamba kwenda kwa mshauri ni kama kwenda zahanati. Na ukiongea naye kwa simu usimwulize alama tu.

Pili, pesa. Msaada wa karo hupimwa kulingana na uwezo wa familia, na katika chumba kimoja utamkuta mtoto wa tajiri anayelipa yote na kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi anayelipiwa yote. Ndiyo maana ya vyuo hivi, na ni jambo jema. Lakini wikendi tajiri anasema twende mjini tule pizza. Likizo fupi anaenda kwao kwa ndege, mwingine anabaki kwenye bweni lisilo na watu au anasubiri familia ya wenyeji imkaribishe. Hakuna anayemdharau, na bado inauma. Kijana aliyekwisha kuambiwa na wazazi wake ukweli wa mfuko wao hubeba hilo kwa urahisi kuliko yule aliyefichwa.

Tatu, imani. Vyuo hivi si vya dini yoyote. Hakuna atakayemwamsha mtoto wako kwenda Misa, na hakuna atakayemzuia. Huko Duino, Italia, ambako kuna chuo tangu mwaka 1982, wanafunzi huishi katika majengo yaliyotawanyika kijijini, bila ukuta, katika nchi ambayo kengele ya kanisa haiko mbali. Kwingine itabidi atafute basi. Atakaa na wasioamini Mungu, tena watu wema, na hilo litamsumbua kuliko wabaya. Ataulizwa maswali ambayo katekisimu ya kipaimara haikuyagusa. Wazazi wengine hukataa kwa sababu hii, na siwalaumu. Ila nimewaona vijana wengi waliopoteza Misa wakiwa Nairobi, kilomita chache kutoka parokia.

Nne, kurudi. Wengi wakimaliza huendelea na vyuo vikuu vya Marekani. Tangu mwaka 2000 kuna mpango wa tajiri Shelby Davis unaosaidia kuwalipia waliomaliza UWC katika vyuo vikuu vingi vya huko. Ni mlango mkubwa. Lakini mtoto anayeondoka na miaka 17 anaweza kurudi ana 23, au asirudi. Na akitaka chuo kikuu cha hapa, cheti chake cha IB itabidi kwanza kilinganishwe na chetu. Mama mmoja aliniambia, "Nitakuwa nimemzalia mzungu." Nilicheka, ila nililifikiri neno lile njiani nikirudi.

Cha karibu

Si lazima iwe Ulaya. Tangu mwaka 2019 kuna UWC East Africa hapo Tanzania, yenye kampasi mbili, Moshi na Arusha. Kabla ya hapo ilikuwa shule ya kimataifa iliyoanza mwaka 1969 Moshi, karibu na hospitali kubwa ya KCMC. Mtu wa Taita Taveta anafika Moshi kwa gari bila kulala njiani, na wa Nairobi hupitia Namanga. Baridi si ya kutisha, chakula kinajulikana, Kiswahili kinasemwa mitaani, na safari za milimani ni sehemu ya maisha ya shule. Kuna wazazi wanaodharau eti Tanzania si ng'ambo. Mimi naona kwa mtoto mwenye moyo mwepisi inafaa zaidi, na chumba kitakuwa na watu wa mataifa vile vile.

Kumtayarisha nyumbani

Mtihani wa kuingia vyuo hivi ni zaidi ya alama. Waombaji huandika kuhusu maisha yao, huitwa kwa mahojiano, na mara nyingi hupewa kazi za kufanya kwa makundi huku wakitazamwa: nani anasikiliza, nani anamkatiza mwenzake, nani anamvuta yule aliyenyamaza. Hayo huwezi kuyasomea wiki moja kabla.

Kwa hiyo anza jikoni. Mvulana ajue kufua nguo zake, kupika chakula kimoja vizuri na kuosha sufuria bila kuambiwa. Nimesikia mara kwa mara kwamba ugomvi wa bweni, mahali popote duniani, huanzia kwenye sinki. Ajue pia hadithi ya ukoo wake, maana huko ataulizwa yeye ni nani, na "Mkenya" ni jibu la dakika moja. Mzoeze kusema "hili limeniudhi" kwa sauti ya kawaida, bila kununa siku tatu. Hili la mwisho, wazazi wenzangu, hatuwezi kumfundisha ikiwa sisi wenyewe hununa juma zima.

Aingie pia katika huduma halisi sasa: kumtembelea mgonjwa kila Jumamosi, kufundisha watoto wa chekechea, kupanda miche na kuitunza mpaka ishike. Wanaohoji huuliza, "Uliendelea kwa muda gani?"

Njia ya kuomba

Maombi mengi hupitia kamati ya kitaifa ya UWC, na Kenya inayo yake, inayoendeshwa na watu wanaojitolea, wengi wao waliopitia vyuo hivyo. Hutangaza mara moja kwa mwaka, huchagua wachache sana, na ndiyo inayopendekeza chuo na kiasi cha msaada. Mtoto akikosa, haina maana ameshindwa maisha. Nafasi ni chache, na kwa kuwa umri ni mpaka, si wengi wanaoweza kurudia mwaka unaofuata.

Hakuna wakala. Hakuna afisa wa kuharakisha faili. Mtu akija nyumbani kwako na barua yenye muhuri, akadai pesa za "kushikilia nafasi" au za "viza ya mapema", usitoe hata shilingi. Chukua barua hiyo uilete ofisini kwetu siku ya Jumanne au Alhamisi, tuisome pamoja, kisha tutaongozana mpaka kwa chifu.

Fomu zikitangazwa tutazibandika kwenye ubao wa matangazo wa parokia, karibu na mlango wa sakristia. Kijana alete barua ya shule, cheti cha kuzaliwa, na mzazi mmoja.